Miti ya Ukoo wa Mnazi Ivumiliayo Baridi: Namna ya Kuichagua na Kuikuza

Na Mwanafunzi wa Kidato cha 6

Mtu akitaja mnazi, mara moja twafikiri pwani: mchanga mweupe, pepo za bahari na jua kali. Akitaja mchikichi twafikiri Kigoma na Kongo. Akitaja mtende twafikiri Arabuni. Kwa hiyo watu wengi huamini kwamba miti yote ya ukoo huo ni ya nchi za joto, na kwamba penye baridi haina nafasi. Sivyo. Imo miti ya ukoo wa mnazi isimamayo nje katika theluji, majani yake mabichi, mwaka hata mwaka.

Nimeandika somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, Chama chetu cha Bustani kimepewa ukingo wa njia itokayo langoni mpaka kanisani, nacho kitapanda miti wakati wa mvua zijazo. Pili, mmoja wa wanafunzi wa zamani, akaaye Ulaya, amejitolea kutuletea mbegu za mti mmoja wa ukoo huu uliozoea baridi. Wenzangu wengi wamefurahi, nao wasema, "Na zije upesi!" Mimi nasema, kwanza tujifunze, ndipo tujibu. Mti ukishapandwa hukaa shuleni kuliko mwanafunzi ye yote, na tukichagua vibaya, watakaopata taabu ni wadogo zetu.

1. UKOO HUU NA MOYO WAKE

Watu wa pwani wana jina la kila mti wa ukoo huu: mnazi, mtende, mkindu, mvumo, mkoma, mwale, mchikichi. Lakini jina moja la kuutaja ukoo mzima halikuzoewa katika Kiswahili, basi hapa nitasema tu "ukoo wa mnazi". Wataalamu wa mimea wamekwisha kuandika aina zaidi ya 2,500 za ukoo huo, na nyingi mno hukaa katika nchi za joto. Ziwezazo kustahimili jalidi ni chache.

Ili tuelewe kwa nini ni chache, yatupasa kujua namna miti hii ilivyoumbwa. Mwembe au mkaratusi una macho mengi ya kuchipukia. Ukikatwa kichwa, huchipuka ubavuni. Gome likichubuka, hukua polepole na kuziba jeraha. Mnazi hauko hivyo. Shina lake halina lile tabaka la kuongeza unene kila mwaka, wala haliwezi kuziba jeraha. Na jambo kubwa zaidi, kila shina lina chipukizi moja tu la kukulia, nalo limefichwa juu kabisa, katikati ya makuti. Hilo ndilo nitakaloliita moyo. Majani yote hutoka hapo. Moyo ukifa, shina limekufa, hata kama mizizi ingali mizima.

Baadhi ya miti ya ukoo huu, kama mkindu wetu, huota mashina mengi pamoja, na kila shina lina moyo wake. Hiyo ni akiba njema, maana shina moja likifa, mengine hubaki.

Basi kanuni ya somo hili lote ni moja: linda moyo. Kila shauri utakalosoma hapa chini, la kuchagua, la kupanda, au la kufunika, latokana na kanuni hiyo.

Tena tujihadhari na majina. Katika mji wa Torquay, kusini-magharibi ya Uingereza, na katika kijiji cha Plockton, pwani ya magharibi ya Skoti, wageni huonyeshwa miti yenye vichwa vya majani marefu, nayo huitwa kwa jina la ukoo huu. Kumbe ni Cordyline australis, mti wa New Zealand usio wa ukoo wa mnazi hata kidogo. Matawi yake hugawanyika, na hata kichwa kikiungua kwa baridi, mara nyingi huchipuka tena chini. Mtu aliyejifunza kutunza mti huo akidhani ni wa ukoo wa mnazi, atakuja kuua mti wa kweli kwa kutazamia uchipuke ubavuni.

2. BARIDI HUUAJE MTI?

Ndani ya mti mna maji. Joto likishuka chini ya sifuri, maji hayo huanza kuganda. Barafu ikitanda kati ya chembe hai za jani, huvuta maji yake na kuzikausha. Ikiingia ndani yake, huzivunja. Jani lililopatwa na jalidi hugeuka rangi ya kahawia, kama lililopitiwa na moto. Hasara ya jani si kubwa, maana jingine litatoka. Hasara kubwa ni baridi kufika moyoni.

Vitabu vya bustani huandika tarakimu moja kando ya jina la kila mti, kwa mfano "digrii 10 chini ya sifuri". Msomaji asiidhani kuwa ni ahadi. Kuna mambo manne ya kuuliza kabla ya kuiamini.

La kwanza ni muda. Usiku mmoja wa baridi kali, kisha jua likatoka asubuhi, si sawa na wiki nzima ambayo ardhi haikuyeyuka. La pili ni unyevu. Maji yakikaa katikati ya makuti, kisha yakaganda, yakayeyuka, yakaganda tena, huozesha moyo. Miti mingi iliyopotea katika bustani za Ulaya iliuawa na baridi na maji kwa pamoja, ingawa ingaliweza kustahimili baridi kavu. La tatu ni umri. Mche mdogo una moyo ulio karibu na ardhi na mizizi michache, wala haupaswi kupimwa kwa kipimo cha mti mzima. La nne ni joto la kiangazi. Iko miti ivumiliayo baridi kali mno mradi ipate kiangazi cha joto jingi cha kujirudishia nguvu. Ukiipanda penye kiangazi cha baridi, haifi, lakini haikui.

3. MTI WA CHUSAN

Mti mashuhuri kuliko yote katika bustani za nchi za baridi ni Trachycarpus fortunei. Kwao ni Uchina, na Waingereza waliuita kwa jina la kisiwa cha Chusan, ambacho siku hizi huandikwa Zhoushan, kilichoko pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Nami nitauita mti wa Chusan. Huu ndio ambao tumeahidiwa mbegu zake.

Shina lake ni moja, jembamba, nalo laweza kufika mita 12 na zaidi. Majani yake hayana umbo la kuti la mnazi. Yamekunjuka kama pepeo, mfano wa majani ya mvumo. Shina limevikwa nyuzi za kahawia mithili ya kilifu cha mnazi. Wakulima wa Uchina tangu zamani huzichuma nyuzi hizo wakafanya kamba, mifagio na makoti ya mvua. Kwa mti wenyewe nyuzi hizo ni kama blanketi.

Mbegu za mti huu zilifika Ulaya mwaka 1830 kwa mkono wa Philipp Franz von Siebold, Mjerumani aliyekuwa daktari katika kituo cha biashara cha Waholanzi nchini Japani. Lakini aliyeufanya ujulikane ni Robert Fortune, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1812, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta mimea ya Uchina. Ndiye yule yule aliyechukua miche ya chai kutoka Uchina akaipeleka India. Fortune aliuona mti huu katika kisiwa cha Chusan, akatambua kwamba theluji ya huko haiudhuru. Mwaka 1849 alipeleka miche Uingereza. Baadhi ilipandwa katika bustani ya Kew karibu na London, na mmoja ukapelekwa Osborne, nyumba ya Malkia Victoria katika kisiwa cha Wight.

Zamani hizo watunza bustani wa Ulaya walizoea kuweka miti ya ukoo wa mnazi katika nyumba za kioo zenye moto, kwa gharama kubwa. Walipoona mmoja ukisimama nje kipupwe kizima, wakajua kwamba ukoo huu una watoto wa namna nyingi.

Mti wa Chusan uliokomaa huvumilia baridi ya kadiri ya digrii 15 chini ya sifuri kwa muda mfupi. Wala hauhitaji kiangazi kikali, kwa hiyo huridhika na hali ya Uingereza. Miaka ya kwanza hukua polepole. Ukishashika mizizi waweza kuongeza kadiri ya sentimita 30 kwa mwaka. Adui yake ni upepo, ambao huchana majani yake mapana hata yakawa kama nguo kuukuu.

4. MINGINE YA KUCHAGULIWA

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa jembe, lakini mchagua mche ndiye mkulima hasa. Hii hapa ni miti mingine ijulikanayo katika bustani za baridi, na sifa zake.

(a) Trachycarpus wagnerianus. Ni ndugu mdogo wa mti wa Chusan, aliyejulikana kutoka bustani za Japani. Majani yake ni madogo, magumu, wala upepo hauyachani upesi. Penye kilima kilicho wazi, huu wafaa kuliko ule mkubwa.

(b) Chamaerops humilis. Kwao ni pande za magharibi za bahari ya Mediteranea: Hispania, Italia, Moroko, Algeria na Tunisia. Huota mashina mengi, mafupi, yenye miiba, basi una ile akiba ya mioyo mingi niliyoitaja. Huvumilia kadiri ya digrii 10 chini ya sifuri penye udongo usiotuamisha maji. Aina moja itokayo milima ya Atlas ina majani ya rangi ya fedha.

(c) Rhapidophyllum hystrix. Ni wa kusini-mashariki ya Marekani. Huenda ndio ushindao wote kwa kuvumilia baridi. Hustahimili hata digrii 20 chini ya sifuri. Hauna shina refu, ni kichaka chenye miiba mirefu kama sindano. Lakini huu ndio mfano wa lile jambo la nne: hutaka kiangazi cha joto jingi, na katika Uingereza hukua kwa uvivu sana.

(d) Jubaea chilensis. Ni wa Chile, wenye shina nene kama pipa. Utomvu wake hufanywa asali na mvinyo, na kwa ajili hiyo mingi ilikatwa huko kwao hata ikapungua sana. Huchukua miaka mingi kabla ya kuonyesha shina. Apandaye mti huu hupandia wajukuu.

(e) Butia odorata. Ni wa kusini ya Brazili na Uruguay. Majani yake ni ya manyoya, yamepindwa, yana rangi ya kijivu, na matunda yake huliwa. Hupenda jua na udongo wa kichanga.

(f) Phoenix canariensis. Ni mtende wa visiwa vya Kanari, mkubwa, mzuri wa kutazama, lakini hauwezi jalidi kali. Wafaa miji ya pwani ambako bahari hupunguza baridi.

Ukinunua mche wo wote wa miti hii, tazama moyo kwanza. Jani changa lililo katikati, lililosimama kama mkuki, liwe kijani na imara. Livute kidogo kwa vidole: likitoka mkononi, moyo umeoza, na mche huo usiununue hata ukipewa kwa nusu bei. Kisha chagua mche wa kadiri. Mdogo mno hufa upesi kwa baridi. Mkubwa mno ni ghali, tena hukawia kushika mizizi.

5. KUPANDA NA KUTUNZA

Mbegu. Chukua mbegu mpya, usafishe nyama yake yote, uiloweke majini siku moja au mbili. Izike katika mchanganyiko wa mchanga na mboji, mahali penye joto la digrii 20 hadi 25. Mbegu za mti wa Chusan huota aghalabu baada ya mwezi mmoja hata mitatu. Jani la kwanza hufanana na jani la nyasi; wengi waliwahi kuling'oa wakidhani ni magugu. Majani ya umbo la pepeo huja baadaye.

Mahali. Hewa ya baridi ni nzito, hutelemka usiku kama maji na kutuama bondeni. Basi usipande chini kabisa bondeni, wala nyuma ya ukuta unaozuia hewa hiyo kuteremka. Panda ubavuni mwa mteremko, penye jua, na penye kinga ya upepo. Ukuta uliopigwa na jua mchana hutoa joto lake usiku, na mti ulio mbele yake hupata nafuu.

Udongo. Maji yasituame. Kama udongo ni mfinyanzi mzito, inua tuta, uchanganye changarawe na mboji. Shimo liwe pana kuliko mizizi, lakini mche ukae kwa kina kile kile ulichokuwa nacho katika kopo. Ukiuzika zaidi, udongo na maji hufika moyoni.

Wakati. Katika nchi zenye kipupwe, panda mwisho wa majira ya machipuo au mwanzo wa kiangazi, ili mizizi ipate miezi ya joto kabla ya baridi. Mti uliopandwa wakati majani yanapopukutika huingia katika baridi kama mgeni asiye na nyumba.

Maji na mbolea. Kwa miaka 2 ya kwanza mwagilia maji ya kutosha wakati wa ukame. Tandaza majani makavu juu ya udongo, lakini yasiguse shina. Toa samadi iliyooza vizuri wakati mti unakua. Majani ya zamani yakigeuka manjano, mara nyingi mti umepungukiwa na potasi au magnesi. Usitie mbolea karibu na kipupwe, maana itatoa majani mororo ambayo baridi itayaua.

Kukata. Ondoa majani yaliyokauka tu. Usipunguze mabichi ili mti upendeze, maana hayo ndiyo yaupatiayo chakula. Wala usimenye nyuzi za shina penye baridi kali, kwa kuwa umeuvua mti blanketi lake.

Kufunika. Miti iliyozoea baridi haitaki kufunikwa kila usiku. Lakini penye hatari, kusanya majani juu uyafunge kwa kamba, weka nyasi kavu katikati, kisha zungushia kitambaa kipitishacho hewa. Usitumie nailoni, maana hufungia unyevu ndani, na unyevu ndio adui. Hali ikitulia, fungua. Theluji ikilemea majani, ipukute.

Kuuguza. Baada ya baridi kali, mkulima huvuta lile jani la mkuki. Likitoka, kuna kuoza. Asikate tamaa mara moja. Hukausha tundu la moyo, hutia dawa ya shaba ya kuua ukungu, kisha huzuia mvua isiingie. Mara nyingine, baada ya miezi mingi, jani jipya hutokea, limepinda, limekatikakatika, lakini li hai.

6. UVUMILIVU UKIZIDI

Hata hapa msomaji atasema, basi mti wa Chusan ni mti mwema, na mbegu zije. Ngoja tusafiri kidogo mpaka Ticino, jimbo la kusini ya Uswisi, chini ya milima ya Alpi, kando ya maziwa ya Maggiore na Lugano. Huko mti huu ulipandwa katika bustani tangu karne ya 19 kwa ajili ya uzuri wake. Kwa miaka mingi ulikaa bustanini kwa adabu. Lakini baridi ya kipupwe ikazidi kupungua kadiri dunia ilivyopata joto, na ndege wakala matunda wakatupa mbegu msituni. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 watu wakaanza kuona mti wa Chusan ukiota wenyewe chini ya miti ya asili. Kwa kuwa haupukutishi majani, kivuli chake hakiondoki mwaka mzima, na miche ya msitu wa asili hukosa mwanga.

Mwisho serikali iliingilia kati. Tangu tarehe 1 Septemba 2024 sheria ya Uswisi imekataza kuuza mti huu au hata kuugawa bure. Walio nao bustanini hawakulazimishwa kuung'oa, lakini hawana ruhusa kuueneza. Na si Uswisi tu. Katika New Zealand pia umeota wenyewe nje ya bustani, ukahesabiwa miongoni mwa magugu.

Tazameni jambo hili vizuri, wenzangu. Sifa ile ile iliyomfurahisha Fortune mwaka 1849 ndiyo iliyowasumbua watu wa Ticino. Mti usiouawa na baridi, usiohitaji joto, na ambao ndege huupenda, ni rafiki mzuri mradi uko chini ya mkono wako. Ukitoka mkononi, hauombi ruhusa.

7. SISI TULIO MILIMANI

Vilima vyetu vya Kigezi viko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Usiku joto hushuka mpaka digrii 10 au 12, na mnazi wa Mombasa hauwezi kukaa hapa ukazaa. Wengine hufikiri kwamba kwa sababu hiyo hali yetu ni sawa na ya Uingereza. Si sawa. Uingereza ina miezi ya baridi na miezi ya joto, kila kimoja kwa zamu yake. Sisi tuna ubaridi wa wastani kila usiku, mwaka mzima, bila theluji. Kwa hiyo tarakimu ya "digrii 15 chini ya sifuri" haitusaidii cho chote. Sisi hatuhitaji mti ushindao theluji. Twahitaji mti uridhikao na ubaridi usiokwisha.

Miti ya namna hiyo iko. Katika milima ya Andes nchini Kolombia, karibu na Ikweta kama sisi, kwenye kimo cha mita 2,000 hata 3,000, huota Ceroxylon quindiuense, mti ulio mrefu kuliko yote ya ukoo wa mnazi duniani, ambao waweza kufika mita 60. Shina lake limepakwa nta. Mwaka 1985 Kolombia iliufanya mti wa taifa. Hata hivyo ulikuwa umepungua sana, na sababu moja ni kwamba watu walikata majani yake machanga kwa Jumapili ya Matawi, hata ikabidi waumini wahimizwe kutumia majani ya mimea mingine.

Lakini kabla ya kwenda Andes, tutazame nyumbani. Mkindu, Phoenix reclinata, ni mti wa Afrika yenyewe. Katika Afrika Mashariki huonekana tangu karibu na bahari mpaka bara milimani, hasa kando ya mito na vinamasi. Una mashina mengi, basi una mioyo mingi. Majani yake hutoa ukindu wa kusukia mikeka na vikapu, na kila mwaka twayaona mikononi mwa watu Jumapili ya Matawi. Ndege wakila tunda lake na kulitupa bondeni, hawaleti mgeni. Wamrudisha mwenyeji kwake. Ila una kasoro moja, nayo ni miiba mikali katika mashina ya majani. Basi upandwe mita 3 nyuma ya njia, na machipukizi yanayozidi yaondolewe, ili watoto wasichomwe.

8. JIBU LANGU

Kwa wanachama wenzangu wa Chama cha Bustani natoa shauri hili. Ukingo wa njia tupande mikindu, kwa mbegu au kwa machipukizi yenye mizizi, tukiyaomba kwa wenye mashamba ya karibu. Gharama yake ni jasho tu.

Na kwa kaka yetu aliye Ulaya tuandike barua ya shukrani, tumweleze haya yote bila kuficha. Kama Chama kitapenda kuufahamu mti wa Chusan kwa macho, basi mbegu zisije mfukoni. Ziombewe kwanza kibali cha wakaguzi wa mimea wa serikali, maana mbegu na udongo huweza kuchukua wadudu na magonjwa. Kisha ipandwe michache tu, katika ua wa ndani, mbali na msitu na mto. Tena tukumbuke kwamba mti huu una dume na jike, kila mmoja na shina lake, wala hawatambulikani mpaka watoe maua. Siku jike itakapochanua, shada la maua likatwe kabla halijafanya matunda, na kazi hiyo iandikwe katika daftari la Chama, ili wanafunzi watakaokuja baada yetu waijue kuwa ni wajibu wao. Kama hatuwezi kuahidi hivyo kwa miaka 30 ijayo, heri tusiupande.

Wanafunzi wa zamani mlioko nchi za baridi, ninyi mwaweza kupanda miti hii katika bustani zenu kwa furaha, mradi mfuate sheria ya nchi mnamokaa, na mkilinda moyo wa mti mtapata kivuli chenye sura ya nyumbani. Tuandikieni mliyoyaona, ukurasa huu una nafasi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mwembe uliokatwa kichwa huchipuka, na mnazi hufa?
2. Taja mambo manne ya kuuliza kabla ya kuiamini tarakimu ya baridi iliyoandikwa kitabuni.
3. Mkulima mmoja amefunika mti wake kwa nailoni kipupwe chote, nao umeoza. Eleza sababu.
4. Kwa nini mti unaofaa Uingereza si lazima ufae kilima cha Ikweta chenye kimo cha mita 2,000?
5. Mwenzako asema, "Mti mgeni ukiwa mzuri, si kitu ukienea." Mjibu kwa mfano wa Ticino.